Nyigu, Mkalimani Uliyemtaka Nilikuwa Mimi

Bweni la Wasafishaji,
Chumba namba 14, kitanda cha juu.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Nyigu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na cherehani yako nayo nzima, maana nawajua, mmoja akiugua mwenzake halali. Magoti ya Mama yanasemaje siku hizi? Na shemeji, bado anafungua redio za watu na kubaki na skrubu mbili mkononi? Mimi nipo. Mgongo unalalamika, lakini ulianza kulalamika siku ya kwanza nilipofika na hakuna aliyeusikiliza, kwa hiyo tumezoeana.

Sikuandikii kwa simu kwa sababu kwenye simu ungenijibu kabla hujamaliza kusoma. Nakujua. Kaa chini, weka mkasi mbali, usome mpaka mwisho.

Nyigu, Jumatatu iliyopita nilikufa ganzi nikiwa nimesimama, na mpaka leo sijaamini.

Unajua nafanya kazi kwenye jengo la vioo. Vile vioo vinaficha nini, sikuwahi kuuliza. Nimeajiriwa na kampuni ya usafi. Naingia mlango wa nyuma, napewa ndoo, dekio na ghorofa ya tatu. Humo wamo watu kama sitini, wanatazama kompyuta na kunywa kahawa. Miezi minane nimewadhania wahasibu. Kumbe ndio wanaotengeneza ule mchezo wako wa reli.

Ndiyo, huo huo. Ule unaojenga stesheni na kupanga mabehewa ukishamaliza kushona, ulionisimulia siku ile mpaka chaji yangu ikaisha. Nimejua sasa kisa kizima. Sehemu ya pili, uliyoingoja miaka miwili, waliahidi kuiuza kwenye duka la mtandaoni unakonunua michezo yako yote. Kisha, mwezi mmoja kabla haijatoka, wakapatana na duka jingine kwamba iuzwe kule peke yake, mwaka mzima. Na duka hilo halipokei malipo kutoka huko kwenu. Hasira yako naielewa. Mimi nikialikwa harusini, halafu nikaambiwa mlangoni kwamba wanaingia wa upande mmoja tu, nitasema na majirani watanisikia.

Lakini kuna kusema na kusema.

Wachezaji walikuja juu dunia nzima. Kwa wiki mbili nimeona watu wazima wakilia kwenye ngazi za dharura, nami napiga deki hapo hapo nikijifanya natafuta doa. Yuko mwanamke mmoja ambaye wasafishaji tunamwita Mama Majibu, kwa sababu kazi yake ni kuwajibu wachezaji. Meza yake iko dirishani. Ghorofa nzima ni yeye peke yake anayeinua miguu bila kuombwa nikipita na dekio, na husema asante. Ule mkataba na duka jipya hakuusaini yeye. Aliusikia siku mliyousikia ninyi. Ila jina lake ndilo liko chini ya kila jibu, basi mvua yote ikamnyea yeye.

Jumatatu akaniita. Mwanasheria wao alikuwa amemwagiza achapishe vitisho vyote, na mezani pake palikuwa na fungu la karatasi nene kama tofali.

"Hii si lugha ya kwenu?" akaniuliza. "Mashine imejaribu kuitafsiri, imetoa kitu kama mapishi ya kuku. Hebu nisomee inasemaje."

Nikafuta mikono, nikapokea. Unajua kusoma kwangu. Shule niliiacha kabla haijanishika, kwa hiyo naenda neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Jiwe la kwanza lilikuwa jina la mwandishi: Nyigu wa Dirishani.

Dunia nzima ina Nyigu wa Dirishani mmoja. Bibi alikupa jina hilo siku ulipochokoa kiota cha nyigu dirishani kwake, ukaumwa shavu, ukaenda kutafuta kijiti kirefu zaidi ukarudi. Nilikuwepo. Nikasema labda macho yangu. Nikasoma tena. Macho hayakuwa na kosa.

Uliandika hivi, na nakurudishia maneno yako uyatazame: "Wewe unayejibu hapa kila siku, kaka yangu yuko mji huo huo mliko. Ni mtu wa kazi ngumu, mikono yake kama makoleo. Nitamtuma akungoje mlangoni akuvunje kidole kimoja kimoja, tuone utajibu na nini. Nimeandika kwa lugha yetu makusudi. Tafuteni mkalimani!"

Walimpata, Nyigu. Alikuwa ameshika dekio.

"Haya, inasemaje?" Mama Majibu akauliza.

"Anasema amekasirika."

"Maneno yote haya ni amekasirika tu?"

"Lugha yetu ina mzunguko."

"Na hapa? Mashine imeandika kaka."

"Ni kaka yake. Naye anasikitika."

Hilo tu ndilo lilikuwa kweli. Akacheka, mara ya kwanza tangu vurugu lianze, akaitupa karatasi yako kwenye fungu la wasio na madhara. Mimi nikaenda chooni, nikafungua bomba, nikasimama hapo nikitazama maji.

Ningeweza kuumeza uongo ule, nimeshameza makubwa zaidi. Lakini jioni ile ile akanifuata kwenye lifti. Kumbe wapo wengine waliomwandikia kwamba watamngoja mlangoni. "Kaka," akaniambia, "naogopa kutembea peke yangu mpaka kituo cha basi. Wewe una mwili. Nisindikize."

Ningesemaje? Siku nne nimemsindikiza, Jumatatu mpaka Alhamisi, mvua inanyesha, mwavuli nimeushika mimi. Kila mwanamume aliyesimama mlangoni alimtazama mikono. Siku ya nne, basi likiwa linakuja, akasema, "Ukiwepo wewe moyo wangu unatulia." Akapanda. Nyigu, nilirudi bwenini kwa miguu, basi langu nikaliacha lipite.

Ijumaa asubuhi nilimkuta na mwanasheria. Nikaweka ndoo chini. Nikasema, "Mama, ile karatasi nilikusomea uongo. Aliyeiandika ni mdogo wangu, tumbo moja. Na huyo kaka anayetajwa ni mimi."

Sijawahi kuona uso ukibadilika namna ile. Alirudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Kisha akatazama mikono yangu. Ndiyo hii hii iliyokubeba ulipovunjika mguu, na miezi minane imemwaga takataka zake. Akaitazama kama mtu anayetazama panga.

Nilidhani atapiga kelele. Akasema polepole, "Isome. Sasa isome kama ilivyo."

Nikasoma. Nikamgeuzia neno kwa neno, makoleo, mlango, kidole kimoja kimoja, mpaka mwisho. Nimewahi kubeba friji ngazi za ghorofa nne peke yangu. Lile halikuwa zito hivi.

Mwanasheria alitaka nifukuzwe saa ile ile na jina lako lipelekwe polisi. Aliyekataa ni Mama Majibu. Alisema, "Mwongo haji mwenyewe na ndoo yake." Lakini usidhani amenisamehe. Nimehamishiwa chini, chumba cha taka, na ghorofa ya tatu siruhusiwi. Sasa anasindikizwa na mlinzi. Ijumaa jioni walinipita mlango wa nyuma, nikamwamkia, hakuitika. Sijui nilitegemea nini.

Karatasi yako mwanasheria ameiweka kwenye droo mpaka mwisho wa mwezi. Usipoomba radhi kabla ya hapo itaenda polisi, na simu au kompyuta uliyoandikia wanaweza kuifuata mpaka ilipo. Mama ana magoti mabovu, Nyigu. Usimletee askari mlangoni kwa sababu ya mabehewa ya kwenye kioo.

Sikuombi uupende ule mkataba. Ukitaka kususa, susa. Sema mchana kweupe kwamba wamewavunjia ahadi, kwa sababu wamevunja, na hata mle ndani wapo wanaosema hivyo kwa sauti ya chini. Waliousaini wako ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo hata mimi sijawahi kufagia. Kelele zenu hazikuwafikia. Zilimfikia mwanamke mwenye meza dirishani.

Ninachotaka ni kimoja. Mwandikie. Kwa mkono wako, kwa karatasi, kwa lugha yetu. Fundi bomba wa chumba chetu, aliyekuletea barua hii, atakaa huko siku kumi, umpe yako arudi nayo. Mama Majibu amenitumia neno kwa mlinzi kwamba barua yako ikija hataki mashine iiguse. Anataka niisome mimi.

Sitakusaidia hata herufi moja. Ukiandika samahani, nitasoma samahani. Ukiandika vidole, nitasoma vidole. Nitakuwa nimesimama mbele yake na mikono yangu nimeiweka nyuma, atakachosikia ni wewe mtupu.

Msalimie shemeji, umwambie skrubu zilizobaki zina mahali pake. Msalimie shangazi na yule fundi viatu wa kando yako. Mama usimweleze habari hii, mwambie tu nakula. Mungu akulinde, aupoze moyo wako, na ulimi wako aufanye mfupi kuliko uzi wako.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata wiki hii iliyonishinda.