Neema Hana Ukuta wa Kuegemea

Kambi ya wakimbizi, Nakivale

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Kabla sijasema langu lolote, nakuuliza habari za mama yako. Je, bado hula kwa mkono wake, au sasa unamlisha wewe? Na kifua chako kikoje wakati huu wa vumbi? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua. Barua hii anakuletea mchungaji anayerudi Uvira. Mpe chai, umsikilize, kwa maana ametuona kwa macho yake.

Neema amejifungua mtoto wa kiume. Uchungu ulimshika hapa kambini hadi mkunga akasema hawezi zaidi. Gari la wagonjwa likampeleka Mbarara, na huko akapasuliwa. Wote wawili wako hai. Mumewe hajui; tangu avuke mpaka wa Kikagate kutafuta kazi upande wa Tanzania, hatujapata neno lake.

Hospitalini sikuruhusiwa kuingia wodini. Muuguzi mmoja, binti wa askari aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, alinizuia mlangoni: "Mzee, wewe kaa inje. Hapa ni wamama. Bibi yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba uko Kongo. Akasema, "Basi leo mimi ndiyo bibi." Ndiye aliyemwonyesha Neema namna ya kumshika mtoto asiguse kidonda: "Beba yeye kama kuku ya soko, chini ya mkono, miguu nyuma." Neema alicheka, kisha akalia, kwa kuwa hata kicheko kilimuuma. Mto mmoja ulishikilia mgongo, mwingine kiwiko, na mtoto akanyonya.

Hapa kwetu hakuna mito wala ukuta. Nyumba bado ni ya turubai. Ukiiegemea, inakwenda nawe nje. Kunyonyesha akiwa amelala Neema hataki kabisa. Tulipokuwa kwenye kituo cha mapokezi, mwanamke aliyelala karibu naye alisinzia juu ya mtoto wake, nawe unaelewa kilichofuata.

Kisha wakaja wanawake wa kanisa letu. Kwa moyo mwema kabisa walimfunga tumbo kwa kitenge, wakakikaza kwa magoti, kama afungwavyo kila mzazi kwetu. Hakuna aliyekumbuka kwamba huyu amepasuliwa. Kesho yake kidonda kilitoa maji, hata kuketi kukawa mateso. Mtoto akishika ziwa, mama anashtuka kwa maumivu, ziwa linachomoka. Matiti yalivimba yakawa magumu kama mawe, na mtoto ana njaa. Kwenye kituo cha afya walisafisha kidonda, wakampima mtoto, wakasema amepungua. Akipungua tena, arudishwe Mbarara.

Wewe ndiwe ungeketi nyuma yake, kama mama yako alivyoketi nyuma yako. Jirani yetu Mrundi, Mama Consolata, alishika nafasi hiyo. Alimtania: "Egemea, we mwana! Mgongo huu umebeba mihogo tangu Burundi, utashindwa na wewe?" Lakini malaria ikamwangusha.

Asubuhi hiyo nilikuwa nje nikichambua maharage. Mtoto alilia, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniinua. Neema aliita kutoka ndani: "Papa, mutoto amechoka. Hana tena nguvu ya kulia."

"Nani yuko nawe?"

"Hakuna mutu, Papa."

Unajua msimamo wangu. Baba haingii alimo binti yake aliyejifungua kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka, wala hamtazami akinyonyesha. Nilimwambia ajifunike na kunipa mgongo. Nikaingia kinyumenyume, macho yangu mlangoni, nikaketi mkekani, mgongo wangu kwa mgongo wake.

"Egemea."

"Papa, niko muzito."

"Egemea, nimesema."

Akaegemea. Si mzito, Mama Neema. Nilihisi mifupa yake yote. Akamweka mtoto chini ya mkono kama alivyofundishwa, kiwiko juu ya mfuko wa nguo zangu. Ziwa likachomoka, akaanza upya, likachomoka tena. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Anameza."

Hivyo ndivyo tunavyoketi sasa, kila mtoto anapotaka. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniuliza kama nimegeuka mwanamke. Nikamwambia amlete mkewe anipokee zamu. Hajamleta. Jana mtoto alipimwa: hakupungua, wala hakuongezeka. Tumeambiwa turudi juma lijalo.

Nisalimie mama mkwe kwa heshima zote. Umsalimie pia mdogo wako muuza samaki, na fundi cherehani jirani yetu, kama bado yupo.

Neno la mwisho ni hili. Neema hulia anaponyonyesha. Hatoi sauti, mgongo wake ndio unaotetemeka juu ya wangu, nami sigeuki. Njia ikifunguka, na mama yako akipata wa kumtunza, njoo. Isipofunguka, niandikie unayoyajua wewe, yale mama amwambiayo binti yake saa kama hiyo. Nitayasema kama utakavyoyaandika, sitabadilisha hata moja.

Mimi mumeo, nikiwa bado nimeketi mahali pako,

Baba Neema