Upepo Nyuma ya Ndege Kubwa

Tunduma, Jumapili

Mpendwa dada Enesi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na mahindi ya Ndalambo yamekauka. Huku tu wazima. Wifi yako anasema nimenenepa, nami nimeamini nilipofunga mkanda wa ndege.

Ndiyo, nimepanda. Kama ulivyonituma, nilimfuata mwanao Sumbawanga nimwambie aache urubani arudi nyumbani. Atupele akasema ana safari ya Songwe, tutaongea njiani. Akanikalisha pembeni yake, kwenye kandege kadogo kuliko kichwa cha lori langu.

Tulipokaribia Songwe, watu wa mnara wa kuongozea ndege wakamwambia ndege kubwa kutoka Dar inatua mbele yetu. Akaanza kuzunguka. Mimi nikaona tunachomekewa. Unaijua foleni yetu ya mpakani: ukiacha nafasi, mtu kashaingia. Nikamwambia aushikilie mkia wa yule mkubwa. Akacheka, akaniita mjomba wa foleni, akanieleza kwamba mabawa ya ndege kubwa huacha nyuma upepo unaojiviringa. Hauonekani, hushuka taratibu, na kandege kama ketu unaweza kukapindua. Kwa hiyo unasubiri, unapita juu ya njia yake, unagusa ardhi mbele ya pale alipogusa yeye.

Tukasubiri. Tulipoanza kushuka, bawa la upande wangu likazama ghafla. Dirishani, palipokuwa na anga, nikaona mibuni ya watu. Nikamwita marehemu mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Atupele akalinyoosha bawa, akaongeza nguvu ya injini, tukapanda tena. Kisha akawaambia wa mnara, kama mtu anayeagiza chai, kwamba upepo wa mkubwa bado upo, atasubiri zaidi. Mara ya pili tukatua salama.

Sasa dada, usikasirike. Aliponiuliza umenituma nini, nilimjibu salamu tu. Sijamwambia aache, wala sitamwambia. Madereva wangu wa malori wangeona aibu kurudi nyuma mbele ya mjomba anayewahimiza. Mwanao hakuona aibu, ndiyo maana nakuandikia.

Ukitaka aache, mwambie mwenyewe. Jumamosi anakuja tena Songwe na kurudi Sumbawanga. Nimekuombea kiti kile kile. Mkanda usikuhangaishe, nimeshaulegeza.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Mdogo wako mnene,
Nsajigwa