Songea Bila Wewe, Baba Osmunda

Mume wangu mpendwa, Baba Osmunda,

Nakuandikia nikiwa stendi ya Songea, nimekalia kifurushi changu, nasubiri gari la kunirudisha Lusewa. Kondakta anasema tunaondoka sasa hivi, na wewe unaijua hiyo sasa hivi yao. Kwa hiyo nina nafasi ya kukueleza yote tangu mwanzo. Usinikatize. Ulikuwa na tabia hiyo, mtu hajamaliza neno wewe umeshamjibu.

Nimekuja mjini peke yangu. Ndiyo, mimi. Nyumbani niliaga kwamba nafuata kitenge cha kuvaa Jumamosi, siku ya kuanua matanga yako, maana siwezi kuvua nguo nyeusi halafu nikavaa lile gauni la shambani. Mama yako alikubali haraka. Akaniambia nichague rangi nzuri, "Oswini anapenda kijani." Umesikia hiyo? Mdogo wako anapenda kijani. Niliinamisha kichwa kama mkwe mwenye adabu, lakini ndani nilikuwa nachemka.

Mambo ya ukoo wenu unayajua. Asubuhi padri anapewa misa yake, mchana ni zamu ya wazee. Mjane analetewa kata ya maji, anaishika mbele ya watu, kisha anampa amtakaye. Akimpa shemeji, amekubali kurithiwa. Akimpa mwanaye mwenyewe, hamtaki mtu. Nyumbani wote wameshaamua kwamba kata yangu inakwenda kwa Oswini. Na Oswini si mtu mbaya, nisimsingizie. Tangu ututoke, anapalilia mahindi yangu kabla ya yake, na mkewe ndiye aliyekuja kulala nami wiki zile za kwanza, wakati nilikuwa siwezi hata kuwasha moto.

Ndiyo sababu nimekuja. Kitenge kilikuwa kisingizio. Nimekuja kupima damu.

Ulikonda, mume wangu. Ulirudi kutoka machimboni Tunduru suruali umeifunga kwa kamba, unakohoa, ngozi imebadilika. Kijijini walisema umerogwa na wenzako kwa wivu wa mawe ya thamani. Lakini mimi redio nasikiliza. Nikajiambia, kama alikuwa na ule ugonjwa wanaoutangaza, basi na mimi ninao. Nikimpa Oswini yale maji, nimempa na ugonjwa, na mkewe pia, yule mwanamke aliyenishika mkono. Watoto wao wabaki na nani? Hilo jambo limenikosesha raha tangu mvua zilipokatika.

Basi jana asubuhi nikafika hospitali. Nesi niliyempata ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akanitoa damu. Akasema majibu kesho. Nikabaki nimekaa pale pale kwenye benchi.

"Mama, mbona huendi?"

"Niende wapi?"

"Una ndugu hapa mjini?"

"Sina."

"Una shughuli gani?"

"Kununua kitenge."

Akacheka. "Kitenge kimoja hakimalizi siku. Ukienda kujifungia gesti utajiua kwa mawazo. Tembea! Kula! Leo huna mtoto mgongoni, huna jiko, hakuna wa kukutuma. Siku kama hii utaipata lini tena?"

Nikatoka nikiwaza, kweli, lini? Miaka yote hiyo tumekuja Songea baada ya kuuza tumbaku, na mimi nilichokiona Songea ni mgongo wako. Wewe mbele, mbio mbio, mimi nyuma na Osmunda mgongoni na kikapu kichwani. Unakumbuka ile miaka ya foleni? Unaniweka kwenye foleni ya sabuni, wewe unakimbilia ya sukari, ukirudi unanikuta sijasogea hatua mbili. Siku moja nilisimama mlangoni kwa mpiga picha kuangalia picha za maharusi alizozibandika. Ukarudi umenuna.

"Unatafuta nini humo?"

"Naangalia tu."

"Mjini panakuja mtu kumaliza shida. Kuangalia kutakujazia kikapu?"

Halafu njia nzima kurudi ukawa unanichekesha ili nisinune. Ndivyo ulivyokuwa, unaudhi na kubembeleza katika pumzi moja.

Sasa jana niliamua kuzubaa makusudi. Nikaanza na chai. Sikula muhogo wa kuchoma huku natembea, kama ulivyokuwa ukitulisha. Niliingia hotelini, nikavuta kiti, nikaagiza chai ya maziwa na chapati. Kijiko nikakizungusha kikombeni mpaka sukari yenyewe ikachoka. Mhudumu akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikamwambia simsubiri mtu. Akaniangalia zile nguo nyeusi, akaniongezea chapati ya pili bila kuniuliza. Ya kwanza niliifurahia. Ya pili nikaanza kuwaza kesho, nikaifunga kwenye kanga.

Madukani usingepatambua. Siku hizi kila kitu kipo, jamani. Sabuni za kila rangi, mablanketi yamepangwa mpaka darini, redio zinapiga kelele kila mlango, na mitumba chini imemwagwa milima kwa milima. Hakuna foleni. Unaingia, unashika, unatoka. Nilishika vitu vingi sana, Baba Osmunda. Nilishika mpaka baiskeli.

Muuza vitenge alikuwa mtu wa Kilwa, mzee mchangamfu, mwenye maneno matamu kuliko bidhaa zake. Akanitandikia cha kijani kwanza. Nikamwambia kijani hapana, hata unipe bure.

"Kimekukosea nini, mama?"

"Kina mwenyewe."

Akacheka, akatoa cha zambarau chenye maua meupe. Hicho kikanipenda na mimi nikakipenda. Akaniuliza navua lini msiba. Nikamjibu Jumamosi, nikijaliwa. "Utajaliwa, inshallah," akasema, na neno lake lilinichoma, kwa sababu alilisema kirahisi tu, wakati mimi nilikuwa sijui kama nitajaliwa hata mahindi ya mwakani.

Mchana nikafanya kituko. Pale nyuma ya soko kuna kibanda cha video. Nikaingia! Vijana watupu, giza, jasho, mimi katikati na nguo zangu za msiba. Wote wakanigeukia. Halafu mmoja akasema, "Mpisheni mama, ana msiba," wakanipa nafasi ya mbele kabisa, nikawa karibu kuikalia televisheni. Watu wa karate wanaruka wanapigana, mmoja anapigwa na watu kumi naye hafi, anainuka anajifuta damu anaendelea. Nikacheka. Weee, nilicheka mpaka machozi. Tangu tukuzike sijacheka hivyo. Nikageuka upande wa kushoto kukupiga bega, kama ilivyo kawaida yangu, nikakuta kijana wa watu ananitazama kwa huruma. Nikatoka kabla haijaisha.

Sikutaka kwenda Mshangano, kule pembezoni mwa mji. Miguu ndiyo iliyonipeleka. Ulikuwa ukiniambia, tukipata jiwe moja tu, jiwe moja la maana, tunajenga Mshangano. Mjini tuko, shambani tuko, Osmunda anasoma shule ya mjini. Jioni ya kuondoka kwenda Tunduru ulinichorea ile nyumba kwa kijiti, hapo uani, vyumba vitatu na baraza, nikakuambia jiko umelisahau, ukalibandika pembeni kama choo. Tulibishana juu ya jiko la nyumba isiyokuwepo mpaka chakula kikapoa. Sasa Mshangano watu wanajenga. Bati jipya linang'aa hapa, mahindi yaliyokauka pale, mtu anafyatua tofali, mwingine anatifua bustani yake. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa inapuliza kutoka milima ya Matogoro, nimejikunyata. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mahindi akaniuliza natafuta kiwanja.

"Naangalia tu, dada," nikamwambia.

"Karibu uangalie, mama. Pole na msiba."

Nikakukasirikia pale barabarani. Mimi nilikuomba jiwe? Tumbaku ilikuwa hailipi vizuri, sawa, kila mtu alikuwa analia, lakini tulikuwa tunakula. Ukasikia habari za mawe, watu wanatajirika usiku mmoja, ukabeba sururu ukaenda. Na mji huu wote niliutembea jana peke yangu, nikiuona kwa mara ya kwanza, na kila kizuri nilichokiona kilinitia uchungu kwa sababu kilikuwa kinaning'inia kwenye majibu ya kesho yake. Gesti nilioga, nikasali rozari, nikalala na kitenge kipya kifuani. Usingizi haukuja.

Leo asubuhi nikamkuta yule nesi. Akafunga mlango. Mtu akikufungia mlango unajua umekwisha, nikashika meza.

"Huna, mama."

"Sina nini?"

"Huna virusi. Damu yako ni safi."

Nikamwambia amekosea. Nikamwambia arudie, kwamba mume wangu alikufa mikononi mwangu na nilijua alichokufa nacho. Akaniacha niseme yote. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mara ya mwisho kuwa na mumeo, kimwili, ilikuwa lini?"

Hapo ndipo nikahesabu nyuma, mpaka kabla hujaenda machimboni.

Jioni uliyorudi kutoka Tunduru nilikuchinjia kuku. Nilioga, nikajipaka mafuta, nikatandika shuka jipya. Ulikula kidogo, ukanishukuru, halafu ukachukua mkeka ukaenda kulala stoo, kwenye magunia ya mahindi. Ukasema, "Nakohoa, nitakukosesha usingizi." Nikadhani ni siku moja. Ukalala stoo mpaka ulipotolewa ukiwa umefunikwa. Nikikugusa bega unasogea. Nikikaa karibu unainuka kwenda kuangalia mbuzi. Nilikwenda kumlilia mama yako, akasema, "Mwanangu, ameoa huko machimboni Namasakata, huyo." Nikaamini. Kijiji kizima kiliamini. Nilikuuliza waziwazi, "Una mwanamke Namasakata?" Ukanitazama muda mrefu, ukasema, "Ndiyo." Nikakutukana matusi ambayo leo siwezi kuyaandika, na wewe ulisikiliza mpaka mwisho, mara moja tu katika maisha yako hukunikatiza.

Kwa hiyo ulijua.

Sijui nani alikuambia, wala wapi. Pengine ulipimwa huko huko, pengine uliona wenzako wanavyokwenda ukajihesabia mwenyewe. Lakini ulijua, na ulichagua nikuchukie ili nisikusogelee. Nesi akasema, "Mumeo alikupenda, mama," na mimi badala ya kushukuru nikalia kwa hasira mpaka akanishika mabega. Akanishauri nije tena baadaye tuhakikishe, ila kwa muda niliomtajia yeye hana wasiwasi. Nikatoka nje. Jua lilikuwa limewaka, watu wanauza nyanya, na mimi mzima. Mzima kabisa, na sina wa kumwambia.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikuja huku nikidhani nikikutwa ninao nitamkataa Oswini, na nikikutwa sina, basi, sina sababu, nimkubali. Kumbe sivyo. Jumamosi wakinipa kata ya maji nitampa Osmunda. Mbele ya mama yako, mbele ya wazee, mbele ya Oswini mwenyewe, na nitamshukuru Oswini kwa mahindi na kwa kila kitu. Wakiniuliza kwa nini, nitawaambia. Nitasema mume wangu alikufa kwa Ukimwi na aliulinda mwili wangu peke yake, bila msaada wa mtu. Najua ulitaka iwe siri. Najua watainamisha vichwa kwa aibu yako. Lakini mama yako kila Jumapili anamlaani mwanamke wa Namasakata ambaye hayupo, na mimi nimechoka kumsikia mtu akiilaani hewa kwa ajili yako. Nenda ukakasirike huko uliko.

Na mimi bado nimekukasirikia. Usidhani nimemaliza. Miezi ile yote nilikuogesha kwa uso uliokunjwa, nikikuwekea uji mlangoni kwa kishindo, nikidhani naogesha mume wa mtu mwingine. Ulinifanya nikuuguze kama adui. Uliniokoa, sawa, nashukuru, lakini ulininyima kukuuguza kama mkeo, na hiyo ilikuwa haki yangu. Uliona sitaweza? Uliona nitakulazimisha? Mimi?

Dereva amewasha gari, naitwa.

Ungeniambia tu, Baba Osmunda. Ningechukua mkeka wangu nikautandika pale nje ya stoo, mlangoni. Nisingeingia. Ningelala mlangoni, tukaongea.

Mkeo,
Mama Osmunda