Beseni la Mrututu na Mbuzi wa Mama Dokata

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Abduba Godana
Umri: Miaka 46
Kazi: Fundi wa pikipiki
Makao: Burat, Isiolo
Yameandikwa kituoni tarehe 12 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jana niliandikisha maelezo katika kituo hiki kuhusu mbuzi wa jirani yangu, Mama Dokata. Niliyosema yalikuwa kweli, lakini nilisema nusu. Nimekuja kumalizia.

Nyumbani natengeneza upya pikipiki ya marehemu baba, ya mwaka 1974. Alikuwa akiipanda mpaka Biliqo kuchanja mifugo. Nati na bolti zake zililiwa na kutu, kwa hivyo nazivisha shaba upya. Nazitumbukiza kwenye beseni la maji yenye siki, chumvi na mrututu, ile dawa ya buluu ya kuoshea kwato, kisha naunganisha waya za betri. Maji hayo ni sumu. Nikitoka huwa nayafunika kwa mabati na jiwe.

Mnamo tarehe 10 Februari, saa tisa alasiri, bolti ya kwanza ilitoka ikiwaka kama pete ya bibi harusi. Nilifurahi kama mtoto. Niliichukua nikaenda nayo mbio Wabera kuwaringia mafundi wenzangu, bila kufunika kitu. Niliporudi saa kumi na mbili jioni, beseni lilikuwa karibu tupu na alama za kwato zimejaa pale chini. Mbuzi na chumvi, kila mtu anajua. Nilishika ufagio nikafagia zile alama. Sikumwambia mtu.

Jana asubuhi mbuzi wanne wa Mama Dokata walikutwa wamekufa. Yeye ni mjane, na alikuwa nao saba tu. Watu walimshika Lokol, mkulima wa mboga za sukuma wiki tunayepakana naye, kwa sababu wiki iliyopita aligombana na huyo mama akamwambia, "Hawa mbuzi wakiingia tena kwa sukuma yangu, utanijua." Vijana walimpiga makofi na kumrarulia shati. Polisi waliponiuliza kama nilisikia maneno hayo, nilijibu ndiyo.

Akipandishwa kwenye gari, Lokol aliniita. "Baba Habibo, wewe unanijua. Waambie."

Niliangalia viatu vyangu. Akasema, "Basi unimwagilie sukuma, jua itaimaliza."

Hilo niliweza. Niliimwagilia jana jioni, na leo alfajiri tena, kwa ndoo yangu mwenyewe. Nikiwa hapo shambani Mama Dokata alikuja na kikombe cha maziwa. Akasema, "Asante kwa kusema ukweli. Wengine wangenyamaza." Maziwa yalinishinda kunywa. Niliweka kikombe chini nikaja hapa kwa miguu.

Lokol hana hatia. Baba alichanja mbuzi wa watu kwa pikipiki ile, na mimi nimewaua kwa sababu ya bolti yake. Beseni nililisahau, binadamu husahau. Ufagio sikuusahau. Huo ndio unaonitia aibu.

Haya sasa ndiyo maelezo yangu yote. Hakuna nusu nyingine iliyobaki.

Sahihi: A. Godana

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali ni sahihi. Beseni na bolti moja vimechukuliwa kama vielelezo. Bw. Lokol amearifiwa kuhusu sumu ya beseni na kwamba ataachiliwa. Alipoambiwa kwamba sukuma yake imepata maji, aliuliza ni kwa ndoo gani.

Konstebo J. Kinanu