Ruksa ya Mzee Kibwana

Bagamoyo, Jumapili asubuhi

Dada yangu mpenzi Zaituni,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyompa mkwe wako imefika bila kumwagika njiani. Mvua zimeanza huko Ujiji? Bei ya wale samaki wetu, migebuka, imeshuka, au bado mnaitazama tu sokoni na kuipita? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Macho yanachoka upesi, lakini miguu bado inanitii.

Simu yetu ya mwisho ilikatika mahali pabaya sana. Neno la mwisho ulilolisikia ni "wamefeli wote", na mwanao ameniambia kwamba tangu hapo unaniombea dua kila baada ya swala, kana kwamba nimefiwa. Pumua, Dada. Hukusikia nusu ya pili, kwa sababu siku ile nusu ya pili ilikuwa haijatokea. Wamefaulu. Wote kumi na wanne! Ningeweza kukupigia, lakini jambo hili nataka ulisome polepole, ukiwa umekaa, na chai yako pembeni.

Kazi yangu unaijua, ingawa majirani unawaambia mimi ni mwalimu. Mimi ni mratibu wa mafunzo ya ujuzi kwa ukanda huu wa pwani. Kwa maneno mafupi, natafuta watu wanaoweza kazi, natafuta kazi inayotaka watu, na katikati yao naweka karatasi inayoitwa cheti. Walinistaafisha kwa keki na hotuba, kisha wakaniita tena kwa mkataba, maana hakuna aliyetaka kuzunguka Fukayosi na Saadani kwenye vumbi. Mtu aliyejifunza kazi mikononi mwa fundi, bila kukanyaga chuo, tunamtahini, na akiweza tunampa cheti kama cha mwenzake wa chuoni.

Sasa, hapa mjini kuna nyumba ya kale ya ghorofa ambayo itakarabatiwa. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na saruji hairuhusiwi kabisa, kwa kuwa inafungia unyevu ndani na ukuta unabanduka vipande vipande. Mkandarasi alisema wazi: anataka waashi wa chokaa wenye vyeti, na asipowapata hapa kufikia mwisho wa mwezi, atawaleta kutoka kwingine. Waashi wa chokaa waliobaki Bagamoyo ni hao kumi na wanne, wote wanafunzi wa mtu mmoja, Mzee Kibwana. Nasema wanafunzi, lakini wengine wana mvi na wajukuu.

Basi nikamleta mtahini kutoka makao makuu, Bwana Elia, kijana mwenye adabu na kalamu tatu mfukoni. Akakaa ofisini kwangu, akawaita mmoja mmoja, akawauliza maswali ya fomu. Jioni alinikabidhi karatasi huku ananionea haya. "Mama, hawa hawajui kazi. Wenyewe wamesema."

Hapo ndipo nilipokupigia, na simu ikakatika.

Asubuhi nilizisoma fomu zote kumi na nne, mstari kwa mstari. Swali la saba lilikuwa hili: Je, unaweza kufanya kazi hii mwenyewe bila kusimamiwa? Wote walijibu hapana. Mmoja aliongeza, "Mimi namsaidia tu fundi." Mwingine, "Fundi ndiye ajuaye." Dada, watu kumi na wanne hawawezi kuwa wajinga kwa namna moja. Na fomu ile niliitunga mimi.

Nikaenda walikokuwa wakijenga ukuta wa makaburi. Nilimkuta Sharifa, mama wa watoto wawili kutoka Mapinga, yuko juu ya jukwaa na timazi mkononi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, anawaamuru wanaume watatu wavunje jiwe walilolipachika vibaya.

"Sharifa, ukuta huu nani kaujenga?"

"Fundi, Mama."

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Saadani. Tangu wiki iliyopita, kwa binti yake aliyejifungua."

"Sasa ukuta anaujengaje naye yuko Saadani?"

Wale wanaume wakacheka hadi mmoja akaweka chini karai. Sharifa hakucheka. Alishuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akaniambia taratibu kama anayemweleza mgeni, "Mama, fundi hajanipa ruksa. Nitasemaje naweza, na yeye yu hai?"

Nimekaa mji huu miaka thelathini na moja. Nimemzika mume wangu hapa. Sokoni bado wananiita Mama wa Kigoma, na siku ile nilikubali kwamba wana haki. Kwa watu hawa, mwanafunzi hajitangazi. Anaweza kujenga nyumba nzima, lakini mpaka fundi wake amkabidhi timazi mbele ya watu na kumwombea dua, kazi yote aifanyayo ni ya fundi. Kusema "naweza" kabla ya hapo ni utovu wa adabu. Ni sawa na kumzika fundi mzima mzima. Mimi nilikuwa nimewauliza watu waungwana kama wako tayari kumtukana mzee wao, nao wakajibu kwa heshima kwamba hawako tayari.

Mzee Kibwana aliporudi nilimfuata barazani kwake baada ya alasiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kununa.

"Bibi mkubwa," akasema, "umemleta kijana aje kuwauliza wanangu kama wanajua kazi. Mimi niko hai, naijua njia ya ofisi yako. Mbona hukuniuliza mimi?"

"Nilikosea, Mzee."

"Ulikosea sana."

"Nilikosea sana."

Hapo akaagiza kahawa, nikajua angalau hatanifukuza. Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hajawapa ruksa watu walioiva kiasi kile. Alizungusha kikombe chake.

"Niliwapa watatu zamani," akasema. "Siku ya pili wakaenda Dar kupiga lipu ya saruji. Hawajagusa chokaa tena. Nikiwapa hawa, nani atabaki?"

Kumbe aliyekuwa akiwazuia ni hofu. Nikamwambia habari za ile nyumba ya ghorofa, kwamba kazi ya chokaa imewafuata hapa hapa, nyuma ya soko la samaki, lakini itawapita kama hatawafungulia. Sikumbembeleza. Nilimwambia siku zilizobaki, nikanywa kahawa yangu.

"Mlete tena mtahini wako," akasema mwishowe. "Lakini safari hii nakaa ndani. Na nitatahini mimi."

Usiku ule niliwaandikia wakubwa wangu barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika serikalini. Sikumlaumu Bwana Elia, wala waashi. Niliandika kwamba swali la saba ni baya, kwamba aliyelitunga ni mimi, na kwamba naomba mtihani urudiwe kwa vitendo, fundi akiwa shahidi. Nilisubiri siku nne. Ya tano wakajibu kwa mstari mmoja: Endelea.

Mtihani tukaufanya uani kwa Mzee. Watu wa mtaa walijaa mpaka barabarani. Bwana Elia alisimama na fomu yake mpya, na Mzee Kibwana akakaa kwenye kigoda na bakora. Nilidhani atawaonea huruma. Dada, alikuwa mkali kuliko serikali! Ramadhani wa Fukayosi alijenga tao zuri, Bwana Elia akampa alama zote. Mzee akalipapasa, akasema neno moja: "Bomoa."

"Lakini Mzee," Bwana Elia akasema, "nimeshampa alama."

"Zishike, atazikuta. Bomoa!"

Ramadhani akabomoa. Alikuwa ameharakisha chokaa kabla haijalowa vya kutosha, na Mzee alilijua hilo kwa kugusa tu. Akajenga upya, jasho linamtiririka, mkewe ameshika mdomo. La pili Mzee aliligonga kwa bakora mara tatu, likasimama imara. Akatikisa kichwa kukubali. Bwana Elia aliinama akaandika kitu ambacho fomu haikuuliza.

Kisha Mzee akaanza kuwaita, mmoja mmoja, na kuwakabidhi timazi. Dua ikasomwa, halua ikazunguka. Walipofika kumi na watatu akanyamaza. Sharifa alikuwa bado amekaa. Mwanamke hajawahi kukabidhiwa timazi hapa, na nilisikia wazee wawili nyuma yangu wakinong'ona kwamba sasa tutaona.

Mzee akasimama. "Mnajua macho yangu yalianza kufifia miaka mitatu iliyopita?" Watu wakaguna, hakuna aliyejua. "Hamkujua kwa sababu huyu alikuwa akipita nyuma yangu na kunyoosha ukuta, wala hajamwambia mtu. Sharifa, njoo uchukue."

Dada, nililia mbele ya wafanyakazi wangu na sikujificha.

Vyeti vimetoka. Mkandarasi amewachukua wote. Na fomu yangu mpya, inayoanza kwa kumuuliza fundi kabla ya mwanafunzi, imeagizwa itumike katika mikoa mingine pia. Kwa umri huu sikutegemea kusahihisha jambo kubwa kiasi hiki, tena langu mwenyewe.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, umwambie asiache kupima presha. Msalimie mwanao kwa subira yake, mkwe wako wa duka la dawa, na shangazi yetu mzee, umnong'oneze sikio la kulia ambalo bado linasikia. Wajukuu wote wabusu.

Jumatatu. Nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha hii, nimeifungua tena. Leo ilikuwa siku yao ya kwanza kazini, nikapita kuwaona. Wameingia wote, wameonyesha vyeti vyao getini, wamepanda jukwaani. Nyuma yao akaja Mzee Kibwana, kanzu safi, bakora mkononi. Mlinzi mgeni akamzuia.

"Mzee, cheti?"

Yeye cheti hana. Katika kuhangaika kwangu kote sikuwahi kukumbuka kwamba hana. Nilikuwa nafungua mdomo nianze kueleza mambo ya ofisi, nikasikia sauti ya Sharifa kutoka juu, mbele ya mkandarasi na watu wote.

"Kaka mlinzi, mfungulie! Sisi ndio cheti chake."

Na miko ya waashi ikaacha kupiga chokaa jukwaa zima, kumi na minne, mpaka geti likafunguliwa na mzee akapita.

Akupendaye daima,
mdogo wako Mwajuma