Pale Malkia Anapovua Taji

Mpendwa kaka,

Jumapili, baada ya ibada, tuliiwasha tena ile filamu yako ya zamani ya Kifaransa, humo humo katika duka lako la ushonaji hapa Yeoville. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mkeo alikuwa ameniambia waziwazi: "Shemeji, bila msimulizi hizi ni kelele tu. Leo ikishindikana, televisheni naitoa."

Acha nieleze, maana ndiyo tabia yangu. Wenzetu wa Tanga na Dar hawajui Kifaransa, nawe ulikaa kando ya televisheni ukiwageuzia kila neno kwa Kiswahili. Kwa mdomo mmoja ulikuwa mfalme mgonjwa, mdogo wake anayekitamani kiti, na malkia anayemficha mrithi. Hata farasi uliwasemea. Kapteni alipowatoroka walinzi ulipiga kelele, "Eish, farasi wa huyu hajui robot!" kana kwamba mle ikulu kuna taa za barabarani, na watu wakavunjika mbavu. Mimi ninayekijua Kifaransa nilijikuta nakusikiliza wewe, si wao.

Kisha hufika pale malkia anapovua taji mbele ya baraza zima ili mwanawe asiuawe. Pale anasema maneno mengi sana. Wewe ulinyamaza, kila mara. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu, "Mdogo wangu, si unamwona uso?" Basi.

Jumapili nilikikalia kiti chako. Nilianza vibaya, nikafafanua cheo cha kila mtu mle ikulu, hadi Juma fundi viatu akapaza sauti: "Mwalimu, hatufanyi mtihani! Waache wapigane!" Nikawaacha wapigane. Malkia akapanda ngazi, akainua mikono kichwani. Maneno yake yote nilikuwa nayo mdomoni.

Nikanyamaza.

Kaka, duka zima lilitulia, hata wale watoto wanaotujibu kwa Kizulu. Miaka yote nilidhani pale ulikuwa unapumzika, kumbe ndipo ulipokuwa ukifanya kazi kubwa kuliko zote. Nyuma yangu nikasikia kigoda kikiburutwa. Mkeo, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, alikuwa amesogea mbele auone ule uso.

Filamu ilipokwisha hakusema lolote juu ya kuitoa televisheni. Aliifunika kwa kile kitenge chako, kama ulivyokuwa ukifanya, akaniambia bila kugeuka, "Wiki ijayo uwahi, shemeji."

Pumzika, kaka. Kiti chako hakiko wazi.

Mdogo wako,
Mwalimu