Theluji Iliyotupita Mlangoni

Rito Hondo,
New Mexico.
14 Mei

Mpendwa kaka Abrán,

Hujambo huko Houston? Shemeji Delfinia hajambo? Na goti, limepona au bado unachechemea? Mama ni mzima, anakula, anagombana na redio. Mimi pia mzima, ila roho imechafuka.

Mwezi wa pili nilikuambia theluji mlimani imefika futi nane, imefunika uzio wa malisho ya juu. Nikapiga hesabu: maji hadi Septemba. Nikajua miti ya tufaha ya Mama imepona. Imeshavumilia ukame miaka miwili. Wa tatu itakauka.

Kisha Machi ukaja upepo wa vumbi jekundu, mlima ukawa rangi ya mdalasini. Theluji chafu hunywa jua, huyeyuka upesi, haingoji mtu. Nikamwendea Mjomba Celedonio, maana ndiye msimamizi wa mfereji wa kumwagilia, nikamwomba tuusafishe wiki tatu mapema.

"Mfereji husafishwa Jumamosi baada ya Pasaka. Tangu babu yako."

"Mjomba, theluji haijui Pasaka."

"Ila wewe muuza matairi ndiye unayeijua!"

Watu waliokuwa pale kwake wakacheka. Duka lile nimelijenga kwa mikono yangu, na nusu ya waliocheka wanatembelea matairi yangu.

Basi maji yakashuka yote Juma Kuu. Yakakuta mfereji umejaa matope na majani ya mwaka jana, yakabomoa ukingo, yakarudi mtoni, yakaenda zake kwa watu wa chini. Sasa mlimani kumebaki kiraka cheupe upande wa kaskazini. Kila nyumba itapata zamu mbili tu za maji. Miti ya Mama inataka tano.

Jana Mjomba alisimama getini, kofia mkononi.

"Naza, chukua zamu zangu. Mwaka huu silimi mahindi."

"Ungenisikia, tusingekuwa tunagawana makombo."

Aliuliza tu sepetu iko wapi, akaenda kuziba ukingo peke yake, na mgongo ule wake mbovu.

Kwa hiyo zangu mbili, zake mbili. Najua zako humwachia jirani Eufemio. Mpigie simu, mwachie moja. Nyingine ni ya Mama. Usichelewe, kile kiraka nakiona kikipungua kila asubuhi.

Mama na shangazi Orlinda wanakusalimu. Mjomba pia. Sijamsamehe, lakini kahawa nilimpelekea.

Mungu akulinde, na goti lako pia.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Nazaria